Majivu ya pumba, taka za viwandani na saruji yako: soma mfuko kabla hujachanganya vya kwako

#1 Zege Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya ujenzi. Jamaa anamwaga majivu ya pumba za mpunga kwenye mchanganyiko, saruji kapunguza nusu nzima, tofali linatoka zuri, watu wanapiga makofi. Kwenye maoni kuna kambi mbili: "Tukiamua tunaweza" na "Hiyo nyumba itawalalia watoto wa watu". Mimi ni fundi sanifu, kazi yangu ya kila siku ni kuvunja vipande vya zege kwenye mashine na kuandika namba, na naona kila kambi ina nusu ya habari. Ngoja niweke hapa ninayoyajua, wengine mtaongeza.

Kwanza kabisa, kama umejenga miaka ya karibuni kwa saruji ya dukani, kuna uwezekano mkubwa umeshajenga na kitu ambacho si saruji tupu. Nenda dukani ugeuze mfuko. Utakuta maandishi kama CEM II/B-P 32.5N. Watu wengi wanasoma hiyo 32.5 tu, na muuza duka naye anaita "thelathini na mbili" basi. Lakini habari yote iko kwenye zile herufi za mbele.

CEM I ni saruji ambayo karibu yote, asilimia 95 kwenda juu, ni klinka, yale madonge ya kijivu yanayotoka kwenye tanuri la kiwanda kabla ya kusagwa. CEM II ni saruji iliyochanganywa: ukiona A, nyongeza ni asilimia 6 hadi 20, ukiona B, ni 21 hadi 35. Herufi inayofuata inakwambia nyongeza yenyewe ni nini. L au LL ni mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa. P ni pozolana ya asili, yaani majivu na mawe ya volkano. V ni majivu ya makaa ya mawe, yale mepesi yanayonaswa kwenye bomba la moshi la mtambo wa umeme. S ni slagi, taka ya tanuri la chuma. M ni mchanganyiko wa zaidi ya kimoja. CEM III ni slagi kwa wingi, inaanzia asilimia 36 na inaweza kufika 95. Mpangilio huu umetoka Ulaya, na kwetu Afrika Mashariki uko kwenye kiwango cha pamoja cha EAS 18-1, kwa hiyo mfuko wa Dar, wa Nairobi na wa Kampala unausoma kwa namna moja.

Kwa hiyo swali la kama taka inaweza kuingia kwenye jengo lilishajibiwa zamani sana. Mwaka 1862 Mjerumani mmoja, Emil Langen, aligundua kwamba slagi ya tanuri la chuma ikimwagiwa maji ghafla ingali ya moto inageuka punje kama za kioo, na punje hizo zikisagwa na kuchanganywa na chokaa zinashika kama saruji. Marekani nao walipojenga bwawa la Hungry Horse kule Montana, kati ya 1948 na 1953, waliweka majivu ya makaa ya mawe kwa maelfu ya tani. Bwawa bado limesimama na linazuia maji.

Kwa nini viwanda vinahangaika na hizi nyongeza? Sababu ya kwanza ni pesa, tusidanganyane. Klinka inachomwa kwenye joto la nyuzi kama 1450, na mafuta au makaa ya kufikia hapo ndiyo gharama kubwa ya kiwanda. Sababu ya pili ni hewa ya ukaa. Mawe ya chokaa yakichomwa yanaachia hewa hiyo yenyewe, hata ungetumia kuni za peponi. Zaidi ya nusu ya hewa chafu ya klinka inatoka ndani ya jiwe, siyo kwenye moto. Ndiyo maana sekta ya saruji peke yake inabeba asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Kila kilo ya klinka unayoibadilisha na kitu kilichokwisha kuchomwa mahali pengine kwa kazi nyingine, umeokoa.

Sasa tuje kwenye kemia kidogo, nitaifanya fupi. Saruji ikikutana na maji inatengeneza gundi, na hiyo gundi ndiyo nguvu ya zege. Lakini pembeni inazalisha pia chokaa iliyozimwa, ambayo haina nguvu ya maana, inakaa tu humo ndani. Sasa ukiwa na unga wenye silika iliyo tayari kuungana na vitu vingine, ile silika inaikamata ile chokaa na kuigeuza gundi nyingine ya aina ileile. Unapata nguvu kutoka kwenye kitu kilichokuwa kimelala. Ila inakwenda polepole, na inahitaji maji kwa siku nyingi. Shikilieni hilo la maji, nitalirudia hadi mnichoke.

Neno muhimu hapo ni "iliyo tayari". Mchanga wa mtoni ni silika karibu yote, lakini uchanganye na chokaa mwaka mzima hautakufanyia kitu, kwa sababu chembe zake zimejipanga kwa fuwele na zimefungana. Majivu ya pumba za mpunga yana silika asilimia 85 hadi 95, ni mali kabisa, lakini yanaweza kuwa dhahabu au mchanga kutegemea yalivyochomwa. Pumba ikiungua taratibu chini ya nyuzi 700 hivi, silika inabaki legelege na tayari kufanya kazi. Moto ukizidi na kukaa muda mrefu, silika inajipanga fuwele na inalala. Na ukiichoma pumba moto ukiwa umenyimwa hewa, majivu yanabaki meusi, maana yake yamejaa kaboni, na kaboni inakunywa maji ya mchanganyiko wako kama sponji.

Yule jamaa wa kwenye video hakusema majivu yake yametoka wapi, hakuyasaga, na alipima kwa ndoo. Hapo kwenye ndoo ndipo penye mchezo wote. Majivu ni mepesi kuliko saruji mara kadhaa. Akitoa ndoo moja ya saruji akaweka ndoo moja ya majivu, kwa uzito amepunguza saruji nusu na badala yake ameweka kitu kidogo mno. Tofali litatoka kwenye mashine likiwa na sura nzuri kwa sababu sura inatokana na kugandamiza na unyevu. Nguvu utaiuliza siku ya 28.

Uzi uko wazi. Mafundi, wahandisi, wenye viwanda vya tofali, karibuni.

#2 Kiti cha Mbele

Nafuatilia kwa karibu. Nimetoka kugeuza mfuko uliobaki stoo, umeandikwa CEM II/B-L 32.5R. Kumbe miaka yote najenga na mawe ya chokaa ghafi!

#3 Fundi wa Uyole

Shikamoo mkuu Zege Kavu kama umenizidi, kama sijakuzidi basi tuheshimiane.

Huku kwetu Mbeya tofali za kuchoma tunachomea pumba. Unapanga tanuri, unajaza pumba kwenye nafasi, unawasha, linaungua siku kadhaa taratibu. Likipoa ukibomoa unakuta majivu hadi magotini, mengine meupe, mengine ya kijivu, mengine meusi tii. Tunayamwaga bondeni, upepo ukija mtaa mzima unafunikwa. Mashine za kukoboa za Mbarali nazo zina milima ya pumba ngumu, pumba laini tu ndiyo inapata mnunuzi wa nguruwe.

Swali langu: nikiyachekecha haya ya kwenye tanuri yangu nikaweka kwenye ripu, nafanya dhambi?

#4 Zege Kavu

Marahaba mkuu, mengine tutayajulia huko huko.

Hufanyi dhambi ukijua unachoweka. Tatizo la majivu ya tanuri la tofali ni kwamba ndani ya tanuri moja una joto la kila aina. Katikati ambako tofali zimeiva mpaka zinalia kama chuma, joto limepita 900, silika ya pale imelala. Pembeni kabisa hewa haikufika, kuna weusi. Yale ya kijivu chepesi yaliyo kati ya sehemu hizo mbili ndiyo yenye matumaini. Rangi itakuonyesha kaboni, lakini haitakuonyesha kama silika iko macho, kwa hiyo fanya kipimo cha mtu maskini:

Saga majivu kwanza. Ukikosa kinu cha kusagia, hata kinu cha kutwangia kwa sampuli ndogo, mpaka ukilisugua kati ya vidole lisikwaruze. Changanya kwa uzito sehemu moja ya chokaa iliyozimwa, ile ya kupaka, na sehemu mbili za majivu. Weka maji mpaka upate donge kama la ugali mgumu. Finyanga vidonge, vifunge kwenye mfuko wa nailoni visipoteze unyevu, weka mahali penye joto kwa wiki. Fungua, tumbukiza kwenye ndoo ya maji uviache usiku kucha. Kikigeuka uji, majivu yako ni mchanga uliosagwa. Kikibaki kigumu na ukucha haukikwaruzi kirahisi, una mali.

Hicho kinakwambia majivu yanafanya kazi au hayafanyi. Hakikwambii nguvu ni kiasi gani, hilo ni la maabara.

Na jambo moja la afya ambalo kwenye video hakuna anayelitaja: yale majivu yaliyoungua kupita kiasi, ile silika ya fuwele, vumbi lake ndilo linaloleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu wa wachimbaji. Ukichekecha vaa barakoa ya kueleweka, siyo kitambaa cha shingo. Lowesha kwanza ikiwezekana.

#5 Mteja Mwenye Hasira

Mnapamba tu. Kwa lugha nyepesi kiwanda kinapunguza klinka, kinaweka mawe na majivu, halafu bei haishuki hata mia. Zamani saruji ilikuwa saruji. Nilijenga uzio, jamvi likachubuka kama chapati. Fundi akaniambia saruji za siku hizi ni unga wa dona.

#6 Mhandisi Kimya

Nina miaka kadhaa kwenye usimamizi, nikusaidie kutenganisha mambo mawili.

La bei uko sahihi na sikubishii. Faida ya nyongeza imebaki kiwandani zaidi kuliko mfukoni mwa mteja.

La nguvu hapana. 32.5 maana yake sampuli ya kiwango ikifika siku 28 lazima ifikishe angalau newtoni 32.5 kwa milimita moja ya mraba, iwe CEM I au CEM II. Herufi ya mwisho ndiyo inaonyesha mwendo wa siku za mwanzo: R inawahi, N ni ya kawaida. Sasa fundi wako aliyezoea saruji ya zamani anavua mbao za jamvi mapema, anamwagilia siku mbili, ya tatu yuko kwenye kazi nyingine. Saruji yenye pozolana au majivu inaumia zaidi kwa hilo kwa sababu kazi yake kubwa iko baadaye. Ukiinyima maji ile gundi ya pili aliyoieleza Zege Kavu haitokei kabisa, na juu panabaki vumbi. Kuchubuka kwa jamvi mara nyingi ni maji mengi kwenye mchanganyiko, "zege la kutembea lenyewe", na ukavu baada ya hapo.

Siku 7 za kumwagilia ni kidogo kabisa. Kwa saruji ya nyongeza nawataka wafike 14. Tandika magunia yaliyolowa au karatasi la nailoni, hutahangaika na ndoo kila saa. Na 32.5 ni ya ripu, kujengea tofali na sakafu. Nguzo na slabu weka 42.5. Hapo ugomvi mwingi unaisha.

#7 Mteja Mwenye Hasira

Sawa, hiyo ya maji namdai fundi. Ya bei bado nawadai wao.

#8 Bin Seif wa Deira

Salamu kutoka Dubai, mimi ni mtu wa Unguja niko huku kwenye makampuni ya zege muda mrefu. Huku ukimletea mshauri wa mradi zege la CEM I tupu kwa msingi anakurudisha. Ardhi ya Ghuba ina chumvi kali, kloridi na salfeti, na zege la saruji tupu lina njia nyingi za maji kupenya mpaka kwenye nondo. Slagi na majivu yanaziba zile njia. Zege linakuwa gumu kupenyeka, nondo zinaishi.

Mfano ambao kila mtu anaujua: Burj Khalifa, mita 828. Nguzo zake za chini ya ardhi ni 192, na zege lake lilikuwa na majivu ya makaa ya mawe robo ya kile kinachoshikisha, na juu yake silika moshi, unga mwepesi unaonaswa kwenye moshi wa viwanda vya silikoni. Yote mawili taka za kiwanda.

Nikifikiria nyumba za pwani yetu, Unguja, Pemba, Tanga, Mtwara, nondo zinavyopasua linta kwa kutu, naona sisi ndio tunaozihitaji zaidi na ndio tunaozitilia shaka zaidi. Watu wa pwani tafuteni mfuko wenye P, V au S. L peke yake haina kinga hiyo, mawe ya chokaa ni ya kujaza zaidi.

#9 Zege Kavu

Hapo kwenye L na P naomba watu wapasome mara mbili. Asante Bin Seif.

#10 Mama Mjengo, Thika

Habari zenu wapendwa. Sisi huku Kenya taka inayozungumzwa sana ni plastiki. Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers pale Nairobi wanayeyusha plastiki taka pamoja na mchanga na kuzigandamiza kuwa vigae vya kutandaza njia na nyua. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika la mazingira la UNEP, ulimpa tuzo ya vijana mabingwa. Nimetembea juu ya vigae vya aina hiyo kwenye uwanja wa shule, haviteleziki na gari ndogo likipita havivunjiki.

Swali langu, kwa nini tusijengee kuta kabisa? Nina kiwanja na watu wa kukusanya chupa ninao.

#11 Zege Kavu

Dada, nitakujibu kwa tahadhari maana nyumba ni ya kulala watu.

Kwa njia, nyua na maegesho naunga mkono kabisa. Mzigo uko chini, ardhi inabeba. Kwa ukuta wa nyumba nina hofu tatu. Ya kwanza ni moto: plastiki inalainika kwa joto dogo sana ukilinganisha na tofali, na moshi wake unaua kabla ya moto. Ya pili, plastiki ikibebeshwa uzito wa kudumu inajinyoosha taratibu miaka na miaka, hasa chini ya bati la mchana. Ya tatu ni kushikana na udongo wa kujengea, ripu inateleza juu yake. Hizi zinaweza kutatuliwa na watu wenye maabara. Mtu na sufuria ya kuyeyushia nyuma ya nyumba hazitatui, na chupa za maji si plastiki wanayoitumia wale. Zinazofaa ni zile laini na ngumu za vifuniko, ndoo, madumu na mifuko.

Na usiyeyushe PVC, mabomba na waya, kwa namna yoyote ile. Inatoa asidi na sumu.

Taka ambayo ningekushauri wewe wa Thika iko mlangoni kwako: vumbi la kokoto. Kila kiwanda cha kusaga mawe kinabaki na lundo lake. Likioshwa kidogo au likichaguliwa lisiwe na unga mwingi kupita kiasi, linaingia badala ya mchanga wa mtoni kwenye tofali za bloku, lote au nusu. Huku kwetu wafyatuaji wanaochukua kokoto Lugoba wanalijua muda mrefu. Punje zake zina kona, tofali linakamata vizuri, ila litataka maji zaidi kidogo na mashine inayogandamiza kweli. Halina video kwa sababu halivutii, lakini ni taka inayoingia kwenye kuta nyingi na mito inapumzika.

#12 Mama Mjengo, Thika

Nimekuelewa kabisa. Plastiki uani, vumbi ukutani.

#13 Mwana Kilombero

Kwetu kuna viwanda vya sukari. Makapi ya miwa yanachomwa kwenye boila kupata mvuke na umeme wa kiwanda, majivu yanatoka kwa malori. Kuna jirani kachukua makapi yenyewe, hayajachomwa, kakatakata akachanganya na saruji na mchanga apate tofali jepesi. Asubuhi tofali lilikuwa bado linabonyea kama keki. Alimlaumu muuza saruji.

#14 Mhandisi Kimya

Hahaha, muuza saruji hana kosa hapo. Sukari ni adui wa saruji. Kiasi kidogo mno, hata chini ya sehemu moja kwa elfu ya uzito wa saruji, kinachelewesha kushika. Makapi hayakosi mabaki ya sukari. Hata pumba za mbao mbichi zina tabia hiyohiyo. Ukitaka kuzitumia zilowekwe na kusuuzwa kwanza, au zichomwe.

Majivu ya boila ni habari nyingine, sukari imeungua. Shida yake ni mchanga: miwa inakuja na udongo wa shambani, kwa hiyo nusu ya majivu inaweza kuwa mchanga wa kawaida, na boila zinaacha kaboni. Yachekeche, yasage, ondoa vipande vyeusi vinavyoelea ukimwagia maji. Yanafanya kazi ila kwa tabu kuliko ya mpunga.

#15 Nyarugusu Kwetu

Mimi ni wa Geita huko machimboni. Tuna marudio ya kufa mtu, milima ya mchanga laini ambao umeshapita kwenye zebaki, mwingine umepita kwenye sianidi. Watu wanabeba kujengea na kupigia ripu, bure, laini, hauhitaji kuchekecha. Naona mada hii inawahusu.

#16 Zege Kavu

Mkuu, hapa naomba nisiwe na adabu: HAPANA.

Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeona nyumba za namna hiyo. Marudio yana zebaki iliyobaki. Ndani ya chumba chenye joto, bati juu na madirisha yamefungwa usiku, zebaki inakuwa hewa na watoto wanaivuta. Miamba mingi ya dhahabu ina arseniki pia. Halafu kuna upande wa jengo lenyewe: mchanga huo mara nyingi una sulfidi ya chuma, zile chembe zinazong'aa zinazowadanganya wageni kuwa ni dhahabu. Ndani ya zege, ikipata hewa na unyevu, sulfidi inaoza, inatoa asidi na kuvimba. Kule Connecticut, Marekani, misingi ya nyumba nyingi ilipasukapasuka vipande kwa sababu kokoto za zege zilitoka kwenye mwamba wenye sulfidi ya aina hiyo. Zilichukua miaka kuonekana. Watu walikuwa wameshalipa mikopo ya nyumba zisizouzika.

Kuna utafiti duniani wa kutumia mabaki ya migodi kwenye tofali, lakini unaanza na kupima madini yenye sumu kwanza, halafu ndiyo nguvu. Mwenye koleo na toroli hawezi kupima hilo. Mchanga ukiwa bure na laini kuliko wa mtoni, ujue kuna bili inakuja.

#17 Nyarugusu Kwetu

Dah. Nina jirani amepiga ripu chumba cha watoto. Afanyeje sasa?

#18 Zege Kavu

Asigonge wala kukwangua kwa pupa, vumbi ni baya kuliko ukuta. Watoto wahamie chumba kingine, madirisha yabaki wazi, halafu awaone watu wa afya na mazingira wa halmashauri wachukue sampuli. Kwenye maeneo ya uchimbaji wanalijua suala la zebaki.

#19 Mkonge wa Zamani, Tanga

Wazee wa Tanga tunakumbuka vigae na mabati ya saruji yenye nyuzi za katani. Jani la mkonge ni asilimia kama 4 tu nyuzi, lililobaki ni taka, na hata nyuzi fupi zisizouzika zilikuwa nyingi. Yale mabati ya katani yalikuwa mazuri mwanzoni. Baada ya miaka yakawa yanavunjika kama biskuti. Nani anajua kwa nini?

#20 Mhandisi Kimya

Swali zuri, mzee wangu. Ndani ya saruji kuna magadi makali, na katani ni kitu cha mmea. Ile chokaa iliyozimwa tuliyoisema inaingia kwenye uzi, inauyeyusha gundi inayoshikilia chembe zake na kuufanya mkavu. Bati linabaki na saruji tupu, nyembamba, halina cha kulishikilia likipinda. Hili lilichunguzwa sana miaka ya 1970 na 1980, na dawa iliyopatikana ndiyo hii tunayoijadili: ukiweka pozolana au silika inayokula ile chokaa, magadi yanapungua na uzi unaishi zaidi. Majivu ya pumba na nyuzi za katani zinafaa kukaa kwenye bati moja. Mbeya na Tanga wakikaa meza moja kuna biashara hapo.

#21 Kiti cha Mbele

Serikali iko wapi kwenye haya? Au tunasubiri wafadhili?

#22 Zege Kavu

India walitumia sheria. Mwaka 1999 walitoa agizo kwamba wafyatua tofali walio ndani ya kilomita 50 kutoka mtambo wa umeme wa makaa wachanganye majivu kwenye tofali zao. Mwaka 2003 wakapanua hadi 100, na 2016 hadi 300. Lakini India ina mitambo mikubwa ya makaa mingi, majivu yanawazidi. Sisi makaa ya Ngaka na Kiwira yapo, lakini hatuna mitambo mikubwa ya umeme ya kuyachoma. Tukiiga sheria hiyo hapa tutakuwa na agizo lisilo na majivu. Uingereza wenyewe walifunga mtambo wao wa mwisho wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024, na viwanda vya Ulaya sasa vinagombania majivu yaliyobaki.

Chetu ni cha shambani na cha ardhini. Pumba, makapi ya miwa, pozolana ya Holili kule Kilimanjaro, na udongo mweupe wa Pugu. Huo wa Pugu ni kaolini. Ukiuchoma kwenye nyuzi 700 hadi 850 tu unageuka pozolana kali. Kuna saruji inaitwa LC3, iliyotengenezwa na watu wa Uswisi, Cuba na India: klinka nusu tu, udongo uliochomwa asilimia 30, mawe ya chokaa ghafi 15, jasi 5. Hewa ya ukaa inapungua kwa asilimia 30 hadi 40. Wala hauhitaji udongo safi wa vyungu vya kifahari, ule mchafu wa machimbo ya kaolini ambao viwanda vya karatasi na vigae vinaukataa unafaa.

Wakala wa utafiti wa nyumba bora, NHBRA, wametusaidia sana kwenye tofali za kufungamana. Ningependa kuwaona na hili pia.

#23 Fundi wa Uyole

Nimefanya kipimo cha chokaa. Majivu ya katikati ya tanuri yamekuwa uji. Ya kijivu yamebaki magumu, nimeyakwaruza kwa msumari ndiyo yakaacha alama. Sasa niambie kipimo cha ripu, ndoo ngapi kwa mfuko?

#24 Zege Kavu

Hongera. Ndoo sahau, tafuta mizani ya dukani. Kwenye mfuko wa kilo 50 toa kilo 5 za saruji, weka kilo 5 za majivu ya kijivu yaliyosagwa na kuchekechwa kwa chekecheo la unga. Usizidishe hapo mpaka upate namba za maabara. Changanya saruji na majivu makavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndiyo uweke mchanga, ndiyo maji. Litakunywa maji zaidi, usishangae, lakini usiligeuze supu.

Ripu, sakafu ya ndani na kujengea tofali. Nguzo, linta na slabu usiguse. Na kama saruji yako tayari ni II/B, kiwanda kimeshatumia nafasi yote, usiongeze chochote. Tafuta CEM I au II/A.

#25 Fundi wa Uyole

Mfuko wangu ni II/B-P. Kwa hiyo majivu yanarudi bondeni?

#26 Zege Kavu

Yasage uyauze kwa mwenye CEM I. Yule Mmasai wa kiwanda cha tofali hapo barabarani ana mashine na anatumia CEM I 42.5. Mpelekee vidonge vyako vya chokaa na ndoo ya maji, avikwaruze mwenyewe.